Kabla Pink Haijawa Rangi

Jumanne, 7 Mei

Nimejiandikisha! Mimi, ambaye hata ruhusa ya kwenda chooni naomba kwa ishara. Ijumaa zamu ni ya darasa letu: unasimama mstarini mbele ya shule nzima, unaeleza neno moja la Kiingereza — lilitoka wapi, limebadilikaje. Bila karatasi. Wanafunzi wanapiga kura, na mshindi anaiwakilisha shule kwenye mashindano.

Neno langu ni pink. Zamani wachoraji wa Kiingereza walikuwa na rangi waliyoiita pink, nayo ilikuwa ya manjano. Manjano! Na miaka mia na kitu iliyopita, wauza nguo wengine walishauri pink wavae wavulana, kwa kuwa ina nguvu, na buluu wavae wasichana. Nikamwambia Kaka, aliyekataa hata kujaribu shati la pinki aliloshonewa na Mama. Akauliza, hao wauza nguo akili zilikuwa zao au za kuazima? Mama alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Jumatano, 8 Mei

Nimefanya mazoezi nyuma ya maabara. Msikilizaji ni Chiriku, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Darasa zima linamwita hivyo kwa sababu mdomo wake haujui kulala. Mimi nikasema nikiutazama ukuta. Akanigeuza mabega — ukuta haupigi kura, shoga! Akataka nirudie. Nikarudia. Akataka tena. Akanionyesha pa kutua, pa kuinua mkono.

Nikamuuliza neno lake ni lipi. Lolote, akasema, yeye ataungaunga hukohuko mbele.

Sijui ningekuwa wapi bila yeye.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekosea! Kamusi kubwa ya maktaba, ile isiyoazimwa, imeniumbua. Kuna ua la bustanini liitwalo pink; nilikuwa nasema liliitwa hivyo kwa ajili ya rangi yake. Kumbe ni kinyume. Ua ndilo lililotangulia kuwa na jina hilo. Rangi ikaja kulichukua baadaye sana. Na ua lenyewe huenda liliitwa hivyo kwa ncha za petali zake, zenye meno kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi wa meno wa Mama. Kamusi yenyewe inasema "huenda". Nimeipenda kwa hilo — kubwa vile, na bado inakiri kwamba haijui.

Chiriku hakuja shule. Tumbo, wanasema. Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 10 Mei

"Neno langu ni pink."

Si mimi niliyesema.

Ni Chiriku. Aliomba atangulie, eti tumbo bado linamsumbua. Akasimama. Manjano, wauza nguo, wavulana — yote. Akatua palepale, akainua mkono palepale. Hata kaka yangu alimtumia, akamfanya kaka yake! Shule nzima ikaangua kicheko. Na akasema rangi ilitangulia, ua likafuata. Hakuna aliyeshtuka. Mwalimu wa Kiingereza alipiga makofi mpaka saa ikamteleza mkononi.

Kisha likaitwa jina langu.

Nikasimama. Nikasema sina neno. Mwalimu akauliza, kwa nini basi nilijiandikisha, kuja kuota jua? Wakacheka tena.

Getini Chiriku alinishika mkono. Nisinune. Ningetetemeka tu, na neno lingekufa, yeye ameliokoa. Nikamwambia, lilikuwa langu. Akasema: "Maneno hayana mwenyewe, shoga. Wewe umeyatoa kitabuni, mimi nimeyatoa kwako. Tofauti iko wapi?"

Jibu limekuja sasa, nikivua viatu: kitabu hakikuwahi kunikaribisha kwao kikaniita ndugu, kama alivyofanya yeye.

Jumamosi, 11 Mei

Sitaki kuandika.

Jumatatu, 13 Mei

Mwalimu kaniita ofisini. Nilidhani amegundua. Kumbe anataka nimnoe Chiriku kwa mashindano ya Alhamisi! Mimi ni mtu wa vitabu, mwenzangu ni mtu wa sauti, kila mmoja na kipaji chake. Majaji wa huko ni wakali, akasema. Anayesema uongo wanamkatiza mbele za watu.

Nikaitikia ndiyo, mwalimu.

Nyumbani nikamweleza Mama kila kitu. Aliusimamisha mguu juu ya cherehani, akasikiliza mpaka mwisho. Nikajua sasa atasema. Akasema akipata rafiki yangu, nami nimepata. Na kwamba Chiriku alishapita asubuhi, amepimwa gauni la Alhamisi. La pinki.

Hata Mama.

Jumanne, 14 Mei

Chiriku yuko sebuleni. Gauni linamkaa vizuri, na hilo pia linaniuma.

Ameanza kusema neno langu mbele yangu, na mimi nimekaa kama mtihani umeanza na sina kalamu. Alipofika kwenye ua alitua. Akasema rangi ilitangulia. Akanitazama kwa yale macho ya nyuma ya maabara: "Hapo sawa, shoga?"

Mama naye akanitazama, pini mdomoni.

Nimesema nakuja, naleta kamusi yangu ndogo. Ninayo hapa chumbani. Nimeikalia. Nayo inasema yaleyale ya ile kubwa, nimehakikisha mara mbili.

Anaita. Ananiita kwa jina langu halisi, ambalo huwa halitumii ila akiogopa. Sauti yake, ile ambayo shuleni hufika mpaka kwa wapishi, leo haivuki hata pazia vizuri.

Mama anauliza kama nimelala.

Nimesema, "Endelea tu, nasikia." Naye ameendelea. Ametoka kwenye ua, yuko kwa wachoraji, na mimi bado nimeikalia kamusi.