Mlango wa Chumba cha Mama

Nyumbani kwa Mama,
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi hajambo, na watoto wanaendeleaje? Ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umepona, au bado unaamka umejipinda? Mwambie wifi akukande kwa maji ya moto, wala asikuonee huruma ukipiga kelele. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Miguu ndiyo ile ile uliyoiacha, haimfikishi tena kutoka kitandani hadi mlangoni.

Nimesema mlangoni. Basi salamu ziishie hapo, maana Mama hana mlango.

Narudia usije ukadhani kalamu imeteleza. Chumba cha Mama hakina mlango. Mdogo wetu ameung'oa kwenye bawaba, akaulaza juu ya matofali uani, akaupasua katikati kwa urefu kwa ule msumeno wa umeme uliomletea wewe. Mlango alioutengeneza Baba kwa mikono yake, ule mzito uliotubana vidole sote tukiwa wadogo, leo ni mbao mbili. Hata kitasa hakukitoa, eti skrubu zimeshika kutu, kwa hiyo kimebaki kwenye ubao mmoja kama sikio. Na Mama yetu, mtu mzima na heshima zake, analala nyuma ya pazia la maua nililomshonea harakaharaka, na upepo ukivuma anaonekana mpaka sebuleni.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unacheka, na ukiona nimeanza kupandisha sauti unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao. Utanisoma mpaka mwisho.

Najua habari unazo, lakini unazo za upande wake. Zangu ni hizi. Mama Mdogo anaumwa sana. Unakumbuka yeye na Mama walivyokuwa wakipigiana simu kila jioni, na kila jioni lazima wagombane juu ya kile chungu cha mama yao, nani alikivunja walipokuwa wasichana. Siku hizi binti yake ndiye anayemwekea simu sikioni, na Mama anaongea peke yake. Juzi nilimkuta ameishikilia simu, kimya. Nikamuuliza kama imekatika. Akasema, "Haijakatika. Nasikia anapumua." Akaendelea kuishikilia mpaka chaji ikaisha.

Mama anataka kwenda kumwona mdogo wake. Hilo tu. Hataki kitenge, hataki redio mpya, hataki picha zako za theluji. Na hataki kubebwa. Mara ya mwisho tulipokodi gari la kumpeleka hospitali, dereva alimkumbatia kiunoni akamtumbukiza kwenye kiti kama gunia la mkaa, nguo ikapanda, watu wa mtaa wanatazama. Akaapa kwamba habebwi tena na mwanamume asiyemjua, hata kama ni kwenda peponi. Kwa hiyo mdogo wetu alipojipiga kifua kwamba atakitengeneza kile kigari cha mizigo cha Baba, chenye milango miwili nyuma, ili Mama apande akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi mwenyewe nilimpikia chakula kizuri siku hiyo. Nilisahau kwamba huku mtaani wanamwita Fundi Kesho.

Kaka, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Gari halina betri, kabureta imefunguliwa imelowekwa kwenye beseni la jikoni, kikombe chake nimekichotea mboga mara moja nikidhani ni kibakuli. Na yeye alianza na nini? Alianza na rafu ya kuwekea chupa ya chai! Rafu yenye ukingo, amepiga msasa mpaka inang'aa. Baada ya rafu ikaja fimbo ya kutundikia pazia la dirisha. Baada ya fimbo, akachonga ua pembeni mwa rafu. Halafu anakutumia picha, na wewe, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, unamjibu "Kazi safi, fundi!" Ulizitazama kwa macho gani picha zile? Hukuona kwamba gari limekaa juu ya mawe?

Ukafika wakati wa kizimba. Kizimba ndicho cha kukishika kiti cha Mama kisiviringike gari likikata kona. Akajifungia garini na randa na gundi, vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye cherehani yangu, siku nenda siku rudi. Alipomaliza tukakileta kiti. Hakikuingia. Tukakigeuza. Hakikuingia. Kumbe alikipima kikiwa kimekunjwa, kimeegemezwa ukutani! Mimi ni mshonaji, Kaka. Sijawahi kumpima mteja akiwa amejikunyata nikamkatia gauni. Kile kizimba sasa wanalala kuku, na wamekipenda.

Nilipomuuliza fundi wetu, Mama Mdogo atasubiri mpaka lini, akanijibu kwa upole wake ule wa kukera, "Dada, haraka haraka haina baraka." Nikamwambia na ngoja ngoja huumiza matumbo. Akarudi kupiga msasa.

Kwa hiyo unaweza kupata picha nilivyokuwa siku niliporudi kutoka sokoni na kuukuta mlango wa Baba umepasuliwa. Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio yake apate kusikia vizuri. Nilimnyang'anya msumeno nikaufungia kabatini pamoja na vitambaa vya wateja. Nilimwita majina ambayo sitayaandika, kwa sababu mengine yanamgusa baba yetu. Yeye akasimama tu ameinamisha kichwa, vumbi kwenye kope, hakujitetea hata kwa neno moja. Hilo peke yake lingenishtua, maana yule kwa kujitetea hajambo.

Mama akaniita kutoka nyuma ya pazia.

"Mwache mwenzio. Mlango nimempa mimi."

"Mama! Mlango wa Baba?"

"Zile mbao zake za kwanza za kunipandishia garini zilipasuka alipozikanyaga yeye mwenyewe. Nikamwambia achukue hizi. Hizi ni ngumu, zitanibeba."

"Lakini huu ni mlango wako!"

"Mlango ni wa mtu anayetoka," Mama akasema. "Mimi sitoki. Wa nini?"

Nilikwenda jikoni nikalia juu ya beseni la kabureta. Usidhani hasira ziliisha. Zilihama tu. Mama ametoa mlango wa chumba chake apate njia ya kwenda kwa mdogo wake, na wanawe wawili wa kiume wanapeana sifa kwa sababu ya rafu ya chupa ya chai! Hilo linaniuma kuliko mlango wenyewe. Ningekuwa najua kuendesha gari ningekwisha kuliiba la mtu.

Sasa nikueleze kwa nini mwandiko wangu umebanana hivi. Niko ndani ya gari. Asubuhi hii Mama aliomba nimvalishe lile gauni la kijani, akasema anataka kulijaribu daraja, maana ndivyo mdogo wetu anavyoziita zile mbao mbili. Magurudumu ya gari alikuwa ameyarudisha ili apate kimo cha kupandia. Basi tukamsukuma, mimi na yeye, kila mmoja na upande wake. Na haki ya mtu mpe: mbao hazikulia. Mlango wa Baba ulimbeba Mama kimya, kutoka ardhini mpaka ndani. Kizimba kipya, alichokipimia kiti kikiwa kimekunjuliwa, kikakipokea kiti sawasawa. Mama akafunga breki za kiti mwenyewe, akatazama rafu, akatazama pazia, akaniambia nimletee chai.

Alipomaliza chai tukamwambia tumshushe.

"Sishuki," akasema.

Mdogo wetu akacheka. "Mama, bado kidogo. Kesho nitafunga kabureta, halafu betri..."

"Kaifunge. Mimi nipo."

Tulimbembeleza. Nilimwambia jua litakuwa kali, akasema pazia si lipo. Nilimwambia atachoka, akasema amechoka kitandani. Mdogo wetu alipoona Mama amefumba macho na mikono ameikunja, alikwenda jikoni mbio, akarudi amelikumbatia beseni. Tangu hapo hajanyanyua kichwa. Sijawahi kumwona akifanya kazi namna hii, Kaka, jasho linadondoka kwenye spana. Kila akitulia Mama anagonga bodi kwa pete yake na kuuliza, "Umefika wapi?" Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na leo anayaoga kweli.

Mimi nimekaa kwenye ndoo kando ya Mama, na ninakuandikia juu ya ile rafu. Ni nzuri kwa kuandikia. Usimwambie.

Basi sikiliza. Usimtumie tena huyu mtu chombo chochote chenye waya. Usimsifie kitu ambacho hakijafika barabarani. Na wewe mwenyewe panga uje, maana Mama Mdogo ndiye aliyekubeba mgongoni Mama alipokuwa shamba, na miguu yako bado ni mizima. Mlango mpya utaununua wewe, na utakuja kuupachika wewe, nikisimama hapo na futi yangu ya kushonea nikupime.

Subiri kidogo, kuna mlio.

Limekohoa likazima. Mama hakufumbua hata jicho. Mdogo wetu anasema maneno ambayo nimejifanya sikuyasikia. Amekwenda kuomba betri kwa jirani wa redio, na jirani amekuja nayo mwenyewe kwa sababu hataki kupitwa na habari.

Limewaka, Kaka. Limewaka! Linatikisika kama mtu mwenye homa na moshi umejaa uani, kuku wamekimbia kizimba chao, lakini limewaka na halizimi. Mdogo wetu amekaa kwenye usukani haniangalii, nadhani analia. Tumezivuta mbao ndani, tumezisimamisha kando ya kiti cha Mama na kuzifunga kwa kamba.

Usinicheke kwa mwandiko huu mbaya. Tunatembea.

Tumepita soko, tumeshika barabara kubwa. Msalimie sana wifi, wasalimie watoto na uwaambie shangazi yao si mkali kiasi hicho. Mdogo wako anakusalimu kutoka kwenye usukani. Mama anasema Mungu akufunike mahali ulipo, akurudishe ukiwa na mgongo ulionyooka. Maneno makali niliyoyaandika mwanzoni nilitaka kuyafuta, nimeyaacha, umeyastahili.

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini nisikie hiki usikisikie na wewe, haiwezekani. Mama ameniomba nimpigie binti ya Mama Mdogo, amwekee mama yake simu sikioni. Mkono mmoja Mama ameshika simu, wa pili ameshika kitasa cha mlango wake, kile cha kutu, ili asiyumbe. Akapiga kelele kuushinda mlio wa gari.

"Niko njiani! Unanisikia? Nakuja! Na chungu ulivunja wewe!"

Nikasogeza sikio. Nikasikia ile pumzi tu, ndefu, ndefu. Mama hakuiondoa simu. Halafu ikaja sauti, nyembamba, ya mtu anayeipandisha kutoka mbali:

"Ulivunja wewe."

Mama anacheka mpaka kiti kinatikisika kizimbani. Mwambie mdogo wetu kazi safi. Leo nakuruhusu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikiwa nimekukasirikia.