Vyeo Vitatu, Kiti Kimoja

Scarborough, 15 Juni 2009

Mjomba Husein, salaam alaikum.

Mchumba nimempoteza jana Jumapili, saa nane mchana, hata biriani haijapakuliwa.

Mama yake Murtaza alikuja na ile karatasi ya posa uliyonichapia huko Arusha. Akasoma kwa sauti, "Msanifu Mkuu wa Programu," kisha akamtazama mwanawe, ambaye kazini anaitwa mwandishi wa programu tu.

"Binti, una watu wangapi chini yako?"

"Sifuri, mama."

Hakuniamini. "Mwanangu haoi bosi," akasema, akachukua mkoba wake.

Nilikuomba usiandike cheo, ukanijibu, "Wacha wajue!" Sasa jua wewe. Ofisini tuko kumi na mmoja na wanne ni Wakuu, kwa sababu mwaka jana mishahara haikupanda, tukagawiwa vyeo. Kwa miaka minne nimepewa vitatu. Kiti ni kilekile na kazi ni ileile ya kurekebisha makosa ya programu. Murtaza anafanya hiyohiyo, na mshahara wake unazidi wangu kwa robo.

Mlangoni alininong'oneza, "Nisamehe, Mkuu." Nikacheka. Tangu hapo sijacheka tena.

Mama yake anatua Arusha Alhamisi. Barua hii anakuletea mkononi rafiki yangu Zarina, anayesafiri usiku huu, maana kwenye simu hunisikilizi. Utakwenda kumwambia mama huyo kwamba cheo changu ni maneno ya kwenye kadi tu, ndiyo au hapana? Nataka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, saa za kwenu.

Mpwa wako, asiye mkuu wa mtu yeyote,
Naqiya