Vitabu Alivyosoma Mourine

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo mume wa Mourine amekuja maktaba. Nilimjua kabla hajataja jina. Mikono ya mtu wa kuchomelea mageti, imejaa vidoa vya cheche, na mkononi ile kadi ya njano. Kadi yangu! Niliiandika mwenyewe mwaka juzi: Mourine, Kawangware, msomaji nambari 212. Akaiweka mezani polepole, akauliza kama mimi ndiye Madam Kavetsa.

Nikasema ni mimi. 

Mourine alimwacha Desemba. Majirani wa ploti yao husema ni vitabu vilivyomharibu, na vitabu alivitoa kwangu. Kwa hiyo nilijua natukanwa leo. Nilishapima kwa macho mlango uko umbali gani.

"Sijakuja kugombana, Madam," akasema. "Nimeishi na huyu mtu miaka tisa na sijui alikuwa anasoma nini. Nipatie hizi zote. Moja moja, vile zimefuatana."

Kwenye kadi viko kumi na kimoja. Na huyu ni mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hajamaliza kitabu tangu darasa la nane. Nilimpa cha kwanza — kile cha upelelezi, cha maiti kwenye ghala la mahindi. Akakifunga kwa gazeti akaenda zake. Sijui kama nimefanya vizuri.

Jumanne, 4 Februari

Sijalala vizuri. Ningemkatalia? Kwa sababu gani? Maktaba ni ya kila mtu, niliandika hivyo mlangoni kwa rangi nyekundu.

Miaka kumi na minne niko kwenye hiki chumba cha mabati nyuma ya kanisa, na vitabu vya magunia kutoka shule zilizofungwa, na swali ni lile lile: Madam, nisome nini? Nina sheria zangu. Sikupi aina moja mara mbili mfululizo. Ukimaliza upelelezi unapewa historia. Baada ya historia, mashairi. Baada ya mashairi, kitu cha kukuchekesha, halafu labda nyota na sayari, au ufugaji wa nyuki. Wananung'unika sana. Halafu wanarudi.

Sheria ya pili ni karatasi ya nyuma. Kila kitabu nimekibandika karatasi kwenye jalada la mwisho. Ukimaliza unaandika jina, tarehe, ulisomea wapi, na neno kwa atakayefuata. Na haisomwi mpaka umalize kitabu! Hata Ambrose, huyu mume wa Mourine, nilimkazia jana. Watu wengine huandika upuzi. Osewe wa duka la dawa huandika "kizuri" kila mahali, hata kwenye kile cha kilimo cha uyoga, na nina hakika hakukifungua. Lakini Mourine ni mwingine. Yeye huandika mistari minne, mitano. Kuna watu wa Riruta huja kuazima kitabu kwa sababu tu Mourine alikisoma.

Alhamisi, 6 Februari

Alhamisi nafunga maktaba. Watu hudhani naenda maombi. Naenda Kianda, kule Kibera.

Hakuna mwingine wa huku Kawangware anayejua kwamba Mourine yuko Kibera, chumba kimoja kwa Mama Kaltuma, mlango wa bluu. Anasuka nywele kwenye saluni karibu na shule ya Olympic. Amenona kidogo! Nilifurahi kuona. Kidole kidogo cha mkono wa kulia bado hakikunjiki, na kurasa anageuza kwa mkono wa kushoto. Sikuwahi kumuuliza. Aliniambia mwenyewe siku moja huku akitafuta alipoachia kusoma: ni siku moja chakula cha Ambrose kilichelewa.

Amenirudishia kitabu cha nyota. "Hii ilinilaza kama dawa, Madam. Nikifika Zuhura niko usingizini." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nimempa ile riwaya ya mama fundi cherehani, anayetoka kwa mumewe alfajiri na mashine kichwani. Nilikuwa nimemwekea kwa muda mrefu, nikingoja awe na nguvu ya kuisoma.

Kuhusu Ambrose sikumwambia. Nilifungua mdomo mara mbili. Lakini anasema siku hizi analala hadi asubuhi bila kushtuka — ningemwambiaje?

Jumamosi, 15 Februari

Ambrose karudi. Amemaliza! Na amekasirika — muuaji alikuwa karani wa ghala na yeye alikuwa ameshamhukumu mpishi. Amenieleza kwa dakika kumi kwa nini mpishi ndiye alifaa. Msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa anasoma pembeni akaanza kubishana naye, na akamshinda.

Kisha yule msichana akatuacha peke yetu na Ambrose akafungua karatasi ya nyuma. Mwandiko wa Mourine: alimjua muuaji ukurasa wa arobaini, na alisomea kwenye bafu la ploti, mlango umefungwa, maji yakifunguliwa kwenye ndoo ili isikike anaoga.

"Kwa nini bafuni?" akaniuliza.

Nikamsogezea karatasi aisome tena. Akainamisha kichwa. Kwa kweli nilitaka ajibu mwenyewe.

Amechukua cha pili, historia ya reli. Ameandika chini ya Mourine: Ambrose, karakana, saa ya chai. Neno kwa atakayefuata hakuandika.

Alhamisi, 20 Februari

Kianda. Joto, vumbi. Mourine ameisoma ile ya cherehani mara mbili. Hakutaka kuizungumzia, alinikabidhi tu kwa mikono miwili. Nikaitia mkobani. Nimemwachia kitabu cha safari, cha yule mtu aliyezunguka ziwa kwa miguu.

Leo pia sikusema.

Jumatano, 26 Februari

Wacha niandike ukweli, kwa sababu hapa hakuna mtu wa kunisoma. Namngoja Ambrose. Namngoja kama vile mwalimu humngoja yule mwanafunzi wa nyuma aliyeanza kuinua mkono. Reli aliimaliza kwa siku sita na akaniuliza mambo ya vibarua waliokufa ambayo ilibidi nikatafute majibu. Leo amerudisha mashairi. Anasema hayaelewi ila kuna moja amelinakili kwenye karatasi ya risiti, liko mfukoni. Hakunionyesha ni lipi.

Halafu akasema zile zingine za kwenye kadi zingoje kidogo. "Sasa nichagulie wewe. Ile unaona itanisaidia."

Itanisaidia! Nani amewahi kuniambia hivyo? Nilisimama mbele ya rafu kwa muda mrefu. Nikampa ile ya cherehani. Nilijua inaweza kumuumiza na nilitaka imuumize kidogo, vile dawa huuma. Nilirudi nyumbani nikijisikia mtu wa maana sana.

Jumatatu, 3 Machi

Mungu wangu.

Nilikuwa nabandika karatasi mpya kwenye vitabu vya gunia la mwisho, mkono wenye gundi, na nikakumbuka. Ile ya cherehani ilitoka Kianda. Ilikaa mkobani, ikatoka mkobani ikaenda rafuni, ikatoka rafuni ikaenda kwa Ambrose. Karatasi ya nyuma sikuitazama. Huwa naitazama! Vitabu vyote anavyonirudishia Mourine Alhamisi huwa nabandua karatasi na kuiweka nyumbani kwangu. Hiki peke yake nilisahau.

Na Mourine huandika mahali. Nilimfundisha mwenyewe. Huandika vizuri, kila kitu, kwa sababu namsifu akiandika vizuri.

Nimempigia Ambrose, simu haipatikani. Nimejiambia yeye husoma kwa mpangilio, hawezi kuruka, nilimkazia asiruke. Labda yuko katikati. Labda hajafika.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda karakana yao. Nimemkuta Vincent peke yake, yule anayefanya naye kazi, amevaa miwani ya kuchomea kichwani. Akasema Ambrose ametoka kununua chuma. Jana je? Jana alienda Kibera kupima mlango wa mtu.

"Mlango wa nani?"

"Hakusema, Madam. Alibeba tu tape measure. Alirudi mapema, hata chai hakunywa."

Niliketi kwenye geti lililolazwa chini. Vincent akaniletea maji.

Nikampigia Mourine hapo hapo. Alikuwa saluni, nilisikia mashine ya kukausha nywele na wanawake wakicheka. Yuko sawa? Yuko poa. Kuna mtu amekuja kwake? Hakuna, kwani nani? Hapo ndipo ningesema. Nilimwambia nilitaka tu kujua amefika wapi na kile cha safari.

Mimi ni mwoga. Acha liandikwe. Kama ningemwambia Mourine kwamba Ambrose ameupata mlango, ingebidi nimwambie pia ni nani alimpa anwani.

Jumatano, 5 Machi

Ambrose alikuja saa nne, kabla sijamaliza kufagia. Kitabu kwenye gazeti, na kitu kingine kizito kwenye mfuko wa karatasi.

Sikumkaribisha kiti. Nikamwambia nimekosea kumpa kile kitabu. Akasema anajua nimekosea. Alikuwa amepajua mahali alipo Mourine ile siku alipomaliza, Jumapili, akaenda akasimama kando ya uchochoro Jumatatu mchana. Hakubisha. Alijua hayupo, alimwona akitoka. Alipima tu.

"Kile kimlango kimefungwa na kijiti, Madam. Mtu akiegemea inafunguka. Kibera hiyo. Yeye peke yake."

Akatoa kwenye mfuko. Komeo la chuma. Amelichomelea mwenyewe, amelisugua hadi linateleza bila sauti, amelipaka rangi ya bluu. Na misumari yake minne ndani ya karatasi iliyokunjwa.

Anataka nimpelekee Mourine. Asijue limetoka kwake, au ajue, nitakavyoona. Yeye hataenda tena. Aliapa, na mimi sikuwa nimemwambia aape.

Kisha nikafungua karatasi ya nyuma. Mourine: tarehe 16 Februari, Kianda, kwa Mama Kaltuma, mlango wa bluu. Kwa atakayefuata: usimwonee huruma, ile mashine haikuwa nzito. Na chini yake, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu: AMBROSE. KARAKANA. HUYU MAMA ALIFANYA VIZURI KUTOKA.

Nililia mbele yake. Sikuona aibu. Miaka kumi na minne nampa mtu hiki, nampa yule kile, na sijawahi kuona kwa macho yangu kitabu kikimfanyia mtu kazi namna hii. Akaniomba kingine. Nikampa cha kuchekesha.

Alhamisi, 6 Machi

Niko Kianda. Naandika hapa, kwenye godoro lililokunjwa, kwa sababu mikono inataka kitu cha kufanya.

Nilifika saa tisa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikamwambia yote, kuanzia Februari: kadi, bafuni, reli, shairi kwenye risiti, kosa langu. Mourine alisikiliza bila kunikatiza, chanuo bado liko kwenye nywele. Nikampa kitabu afungue nyuma. Akausoma mstari wa Ambrose. Mimi ndiye nilitoa leso. Yeye macho makavu kabisa.

Nikamtolea komeo. Nikamwonyesha linavyoteleza — nilikuwa hata natabasamu, Mungu anisamehe.

Hakulishika.

"Amesimama hapo nje?"

Nikasema mara moja tu. Mchana. Hakubisha.

"Unajua kwa ile nyumba ya Kawangware pia alinitengenezea bolt?" akasema. "Safi hivyo hivyo. Alikuwa ameniangushia meza, halafu akalia, kesho yake akakuja na bolt. Akaiweka upande wa nje."

 Nilifikiri namjua Mourine, msomaji wangu. Nilijua anapenda nini, anachoshwa na nini, ukurasa gani alicheka. Hilo hakuniandikia kwenye karatasi yoyote.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alianza na pazia, akalikunja, akashusha sufuria, akazifunga kwa leso yake ya kujifunga. Nikamsaidia kushikilia upande mmoja wa godoro. Nikauliza anahamia wapi ili Alhamisi ijayo nijue njia.

"Hiyo usijue, Madam."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwambia mgonjwa asiinuke.

Sasa ametoka kutafuta mkokoteni. Mama Kaltuma amechungulia, amefunga Ramadhani, midomo mikavu, akauliza kwani tunahama leo leo, hata futari hatungoji?  Akaenda akarudi na tende kwenye kisahani, akasema za Mourine, ale njiani.

Mkobani nina vitabu vitatu nilivyomletea. Cha mashairi, cha mapishi ya pwani, na kimoja cha upelelezi, kipya kabisa, hakuna aliyekisoma bado. Kabla hajatoka nilimuuliza achukue kipi. Alivitazama kwa muda. Nilimwona akikitamani cha upelelezi, nafahamu uso ule. Akaniambia nivirudishe vyote.

Magurudumu yanasikika uchochoroni. Kila kitu kimefungwa. Komeo liko sakafuni karibu na mlango, pale nilipoliweka, na hakuna kati yetu aliyeligusa tena.