Ncha ya Pili ya Kilemba

Jumatatu, 7 Novemba 2005

Nimeamka kabla ya Fundi. Birika. Mkate. Magoti yanauma yote mawili leo, si moja.

Kisha kilemba chake cha Kalasinga. Yeye anashika ncha yake dirishani, mimi yangu mlangoni, kitambaa cheusi kimenyooka kukata chumba chote. Tunavuta. Tunakikunja kwa urefu, tunavuta tena, tunakunja tena. Nikilegeza anajua. "Umelala, Mghanga?" Halafu anakuja akikikusanya, mpaka vidole vyetu vinagusana. Ndivyo siku zetu zinavyoanza tangu 1993. Kabla yangu alikuwa akifunga ncha ya pili kwenye kishikio cha mlango. Anasema mlango haukuwa na maringo kama mimi.

Kwenye saiti ya ujenzi, lifti imeharibika tena. Nimepandisha mabamba ya jipsamu kwa ngazi na Dieudonné, Mkongomani wa Bukavu. Yeye mbele, mimi nyuma. Kutwa.

Jumamosi Fundi alisema neno ambalo bado silimudu. Alikuwa anakaanga vitunguu, penseli ya useremala ingali sikioni. Alisema sheria mpya inaanza mwezi ujao, wanaume wawili wataweza kwenda ofisini wakaandikishwa kuwa wenzi. "Twende na sisi." Hivyo tu. Akaendelea kukoroga. Nilitoka kwenda kutupa takataka ambazo hazijajaa.

Ila amejiwekea sharti moja. Kwanza amwambie mama yake, kule Southall, upande wa pili wa London. Hataki kuoana kwa kujificha kama mwizi.

Jumatano, 9 Novemba

Gazetini hawaiiti ndoa. Haki karibu zote za ndoa, ila jina wamelizuia. Mimi sijali jina.

Mwaka juzi moyo wa Fundi ulimsumbua kazini, akalazwa. Nesi aliniuliza mimi ni nani wake. Nikasema mpangaji, maana ndivyo tulivyozoea kuwaambia watu. Akaniambia nisubiri nje mpaka jamaa zake wafike. Walifika kutoka Southall, mama yake, kaka yake, wakanishukuru kwa kumleta, wakaingia. Nilibaki kwenye korido na viatu vyake mkononi.

Sitaki kusimama pale tena. Hilo tu ndilo ninalolitaka kwa serikali. Niruhusiwe kuingia.

Jumapili, 13 Novemba

Amekwenda Southall. Kutoka huku Thamesmead ni basi, treni, treni ya chini, treni tena. Tulichagua mbali makusudi.

Amerudi na chupa ya achari na chapati zilizofungwa kwenye foili. Hakumwambia mama yake. Mama alikuwa na wageni. Mama alikuwa na furaha. Mama alikuwa na usingizi. Nimekula chapati kwa hasira. Ni tamu, hilo ndilo baya.

Kwetu Taita sina wa kumwambia. Mama yangu alikufa akiniuliza nitaoa lini.

Ijumaa, 18 Novemba

Wakati wa chai Dieudonné alifunua gazeti, akaona habari ya ile sheria. Akaniambia kwa Kiswahili, kwa kuwa wengine hawakielewi.

"Sasa, ndugu yangu, mahari atatoa nani? Ng'ombe watatoka kwa huyu waende kwa yule, halafu warudi? Watachoka, papa!"

Nikacheka. Nilicheka kuliko ilivyostahili. Najichukia kwa kicheko kile.

Dieudonné si mtu mbaya. Nilipoumia mgongo alibeba upande mzito wiki nzima na hakumwambia fomeni.

Jumapili, 20 Novemba

Amesema. Si kwa mama, kwa kaka yake, ndani ya gari mbele ya nyumba. Kaka yake akamwambia, utamuua Biji. Biji ndivyo wanavyomwita mama yao. Akamwambia, ukifanya jambo hilo usikanyage kwangu. Na mama anaishi kwa huyo kaka. Kwa hiyo ni mimi, au mama.

Fundi alikaa kitandani na koti lake, hata kilemba hakukivua. Nikakifungua mimi, mzunguko kwa mzunguko. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote, ila ncha. Nikazichana. Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi.

Jumatatu, 21 Novemba

Nilipotoka bafuni asubuhi mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Nikajaribu kuufungua. "Ngoja," akasema. Alikuwa amefunga ncha kwenye kishikio.

Nikasimama kwenye ujia nikiusubiri mlango umalize kazi yangu. Angenipiga kofi ingekuwa afadhali.

Jumamosi, 26 Novemba

Mama yake ameanguka bafuni. Hakuvunjika, lakini hawezi kusimama peke yake. Kaka ndiye aliyepiga simu. Njoo umsaidie mama, na huyo mtu wako usimtaje.

Fundi ameenda. Amechukua vilemba vyake vyote. Angeacha hata kimoja nisingeogopa.

Jumatano, 30 Novemba

Amepiga simu. Tumeongea habari ya mvua. Sikujua mvua ina mambo mengi hivyo. Nyuma yake nilisikia sauti ya mama ikiuliza kitu kwa Kipunjabi, akakata.

Jumatatu, 5 Desemba

Sheria imeanza leo. Redio ya saiti imesema. Fomeni akaizungusha kutafuta mpira.

Nimekula sadini. Nina miaka arobaini na tisa na nimechoka. Nalala upande wangu wa kitanda, kwa mazoea, kama vile upande wa pili kuna mtu atakayeamka.

Nimekumbuka tulivyokutana. Nilikuwa juu ya jukwaa la chuma, siku ya baridi, sijaongea Kiswahili miezi. Chini yangu Mhindi mwenye kilemba akajigonga kidole gumba na nyundo. "Mshenzi wewe!" akaitukana nyundo. Nikacheka mpaka nikashika chuma nisianguke. Akatazama juu. Akasema, "Na wewe mshenzi. Teremka tunywe chai."

Hilo ndilo posa langu. Sijapata jingine, ila lile la vitunguu.

Alhamisi, 8 Desemba

Simu imelia jioni. Mwanamke, mzee.

"Wewe iko Mghanga?"

Nikasimama wima kama niko mbele ya mwalimu. "Ndiyo, Mama."

"Jumapili kuja hapa. Saa sita. Kuja na njaa."

Akakata. Sijui anajua nini. Sijui Fundi yuko upande gani. Nimepiga pasi shati na leo ni Alhamisi tu.

Jumapili, 11 Desemba

Niandike yote nisije nikasahau.

Mlango alifungua kaka yake. Hakunipa mkono. Akachukua ndoo akaenda kuosha gari, na mvua ilikuwa inanyesha.

Mama amelala kochini, blanketi miguuni. Mdogo kuliko nilivyomwona siku ile koridoni. Fundi amekaa pembeni yake. Kilemba chake! Upande mmoja umevimba, wa pili umelala, mikunjo imechomoza huku na huku. Nilitaka kucheka, nikaogopa.

Kiswahili cha mama ni cha Nakuru ya zamani walikoishi, ya reli na maduka. Alininyooshea kidole nikae. Kisha akasema, "Onyesha mkono."

Nikamwonyesha. Mgumu, saruji imeingia kwenye nyufa, haitoki hata kwa brashi. Akaugeuza kama mtu anayenunua viazi.

"Mimi nashikia baba yake kilemba miaka arobaini," akasema. "Mimi najua kazi ya mlango, najua kazi ya mutu. Mlango hapana vuta. Mlango nasimama tu. Huyu mutoto zamani nakuja Jumapili, kilemba yake mbaya. Halafu siku moja nakuja, kilemba iko sawa, iko nyororo. Mimi nasema, haya. Sasa iko mutu."

Fundi alitazama zulia. "Miaka yote hii, Biji?" Alimuuliza kwa Kiswahili. Nadhani alitaka nisikie.

"Wewe naficha, mimi naona. Mimi iko mgonjwa mguu, hapana mgonjwa macho." Akanigeukia. "Sasa wiki mbili yeye nakaa hapa. Tazama kichwa hii! Jirani nakuja kuona mimi, mimi naona haya. Mghanga, peleka yeye nyumbani."

"Ndiyo, Mama."

Ndipo Fundi akapiga magoti kando ya kochi akamwambia habari ya ofisi. Kwa Kipunjabi, polepole. Mama akafumba macho. Nikasikia maji ya ndoo yakimwagwa nje. Nikafikiri kaka yake alisema kweli, tumemuua.

Akafumbua. Akasema kwa Kiswahili, ili nami nipate sehemu yangu.

"Mimi hapana kuja huko. Na mimi hapana furahi. Mimi nataka bibi yako, nataka watoto yako. Hiyo mimi hapana danganya." Akapumzika. "Lakini kaka yako nasema mlango funga, hiyo hapana. Mimi bado naishi nyumba hii. Jumapili wewe nakuja. Mghanga nakuja. Mimi nakufa, basi, ninyi nafunga mlango."

Kisha akaonyesha kabati, rafu ya chini. Fundi akatoa mfuko, ndani mna kitambaa kirefu, rangi ya waridi. Alipokiona alitoka akaenda kusimama kwenye ujia. Mimi sikuelewa.

"Wewe kula," mama akaniambia. Nikala. Dengu, wali, achari ileile.

Ndani ya treni Fundi aliniambia. Ndiyo rangi ya bwana arusi. Mama alikinunua Fundi akiwa na miaka ishirini na tano, kikakaa kabatini kikisubiri bibi arusi. Aliniambia hayo akitazama dirishani. Abiria walikuwa wengi. Akanishika mkono hata hivyo, mpaka stesheni ya Paddington.

Jumatatu, 12 Desemba

Kile cheusi. Ncha yake dirishani, yangu mlangoni. Hatukuongea habari ya kishikio. Alinishikilia vidole muda mrefu kidogo kuliko kawaida, nikachelewa basi.

Ijumaa, 16 Desemba

Tumeenda ofisi ya kuandikisha ndoa kutoa taarifa yetu. Mama wa ofisini, miwani kwenye mnyororo, aliniuliza mimi ni nani wake. Nusura niseme mpangaji.

Majina yetu yamebandikwa ubaoni, ayaone yeyote apitaye. Fundi alisogea karibu akayasoma kama mtu anayekagua ubao wa mbao kama umenyooka. "Sawa," akasema.

Siku yetu ni tarehe sita Januari. Wanataka mashahidi wawili. Tumekaa mezani tukitafuta watu wawili katika London yote. Miaka yote tulikuwa hodari wa kujificha. Haya ndiyo matunda yake.

Jumatatu, 19 Desemba

Nimemwambia Dieudonné. Kwenye ngazi, bamba la jipsamu katikati yetu, yeye mbele mimi nyuma, kwa hiyo niliuambia mgongo wake. Nilisema huyu Fundi ninayekaa naye si mwenye nyumba wangu. Nilisema sheria uliyoicheka ni yangu. Nilisema nahitaji shahidi.

Hakusimama. Hakugeuka. Nilingoja aachilie bamba. Hakuliachilia. Tulipandisha yote yaliyobaki, na wakati wa chai akaenda kukaa na wengine.

Nimerudi nyumbani nikijua nimepoteza rafiki. Fundi amenikanda mgongo.

Jumatano, 21 Desemba

Wa kwanza wa hapa wameandikishwa leo, wanaume wawili wazee wako kwenye gazeti la jioni, mmoja kafumba macho picha ilipopigwa.

Saa ya kutoka Dieudonné alinisubiri getini.

"Miye niko mutu wa kanisa," akasema. "Sitaimba, sitapiga makofi. Usiniombe hiyo."

"Sikuombi."

"Lakini shahidi ni mutu ambaye ameona. Na miye nimeona. Kila siku unafungua chakula chako, ni mutu amekufungia. Mke wangu hajawahi kunifungia vile." Akavuta kofia masikioni. "Nitaweka sahihi. Yeye naye atakuja. Yule hakosi arusi, hata ya adui."

Tukatembea mpaka kituoni. Basi lake lilipofika akapanda ngazi, akageuka.

"Na ng'ombe, ni wangapi?"

Nikacheka. Safari hii kicheko kilikuwa changu.

Ijumaa, 6 Januari 2006

Kitambaa kile kina alama za mikunjo ya kabatini, karibu miaka thelathini. Tulikinyunyizia maji. Tulivuta kwa nguvu, mara ya kwanza, ya pili. Alama hazikutoka zote. Fundi akasema ziache.

Ofisini mambo yalikwisha upesi. Tukaweka sahihi, yangu kama ya mtoto, sikujali. Dieudonné alisimama wima, kofia kifuani, hakupiga makofi, kama alivyosema. Mke wake alipiga vigelegele peke yake, mama wa ofisini akaruka kitini. Kaka yake Fundi hakuja, wala sikumtarajia.

Nilimtazama Fundi kwenye kioo cha mlangoni tulipotoka. Waridi kichwani, ndevu nyeupe, suti ya kwendea misibani. Mzuri. Sijapata kuliandika neno hilo humu.

Jumapili, 8 Januari

Fundi ana mafua, hatukwenda Southall. Mama amepiga simu. Hakuuliza habari ya ofisi, wala nani alikuwepo.

"Nakaa sawa?"

"Kilikaa sawa, Mama. Pande zote mbili."

"Haya," akasema. Kisha, "Jumapili nyingine kuja. Leta samaki." Akakata.

Nimekifua kile cha waridi kwa mkono, maji ya vuguvugu. Kimelala juu ya hita. Fundi anakoroma na penseli yake sikioni, sijui alikuwa anapima nini mgonjwa yule.

Kesho ni kile cheusi, na saiti. Wanasema lifti imepona. Siamini.