Luvanda Hakuvuta Sigara

Luvanda, mtani wangu,

Kamwene. Mimi huku Mbeya ni mzima. Kuhusu wewe siulizi, nilikuona kwa macho yangu unashuka.

Usishangae kupata barua. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono huu huu ambao wewe ulikuwa unasema haujui kitu zaidi ya spana. Nilikwenda kisomo cha watu wazima hapa Mwanjelwa, nikakaa benchi moja na akina mama wanaonyonyesha, nikawashinda wote. Mwalimu akasema hajapata kuona kichwa kama changu. Hakusema ni kizuri au kibaya, lakini mimi nimechukua kizuri. Sasa najua kuandika, na mtu wa kwanza kumwandikia ni Mhehe aliyekufa. Ndiyo bahati ya Mgogo hiyo.

Nakuandikia kwa sababu nina kinyaa. Kimenikaa hapa kooni, hata ugali hausogei. Nikimweleza mke wangu ananiambia nikanywe pombe ya komoni nilale. Yeye gesi anaijulia wapi? Nyanda za Juu zote hizi waliokuwa wanaijua gesi ni mimi na wewe, na wewe ulikuwa wa pili. Usibishe. Nani alinusa gesi pale Nyololo akiwa juu ya lori, lori linakimbia, mvua inanyesha? Dereva alisema naota. Tukasimama, tukaingia kwenye ule mgahawa, mpira wa jiko umechanika kama mdomo wa kambale. Wewe ulisema nilichonusa ni soksi za utingo. Ulikuwa na wivu tu.

Habari za huku. Treni imeanza kupita. Wachina wamemaliza reli yao, wengi wamekwenda kwao. Kabla hawajaondoka waliniita niwatengenezee majiko ya kambini, nikatengeneza yote bila kuelewa neno hata moja, wakanipa kofia. Ungekuwepo ungesema niliiiba. Hujaiona treni, Luvanda. Hilo linaniuma kuliko mengine, sijui kwa nini. Ni chuma tu, kinapiga kelele. Lakini hujaiona.

Sasa nikueleze yaliyokuja baada yako, maana wewe uliondoka katikati ya habari.

Ile nyumba ya wageni ya Iringa, jiko lake si ulilifunga wewe? Ulilifunga kama yule singasinga wetu alivyotufundisha huku akitupiga vibao: mtungi ukae nje, na chini kabisa ya ukuta, usawa wa vidole vya miguu, yatobolewe matundu ya hewa. Gesi ya mtungi si moshi, haipandi. Inashuka kama maji na kulala sakafuni, na isipopata pa kutokea inakungoja. Ndiyo sheria ya usalama, na hata asiyejua kusoma anaielewa. Mimi niliielewa kabla ya kusoma.

Lakini unazijua baridi za Iringa. Mwezi wa sita upepo unaingia kwenye yale matundu, wapishi wanaganda miguu, wageni wanalalamika chai imepoa njiani. Yule meneja, yule wa kaunda suti ya kijivu, akaamuru matundu yazibwe magunia. Halafu akasema mtungi wa nje utaibiwa, akauingiza ndani, akauweka chini ya meza kama mbuzi wa kafara. Wewe hukuambiwa. Ulikuja kuitwa asubuhi ile jikoni kunanuka, panya wameshatafuna mpira.

Yohana mpishi ndiye alinisimulia. Alisema ulifika mlangoni, ukavuta hewa mara moja, ukawafukuza wote watoke, ukaingia peke yako kufunga mtungi. Kwenye kona kulikuwa na jiko la mkaa la maandazi, halijazimwa, na gesi ikalifikia kwanza. Hapo sina la kuandika. Wewe unajua zaidi.

Nilipopata habari nilidandia lori la viazi. Nilipofika Iringa ulikuwa umeshakata roho pale hospitali. Kabla ya kuja kwenu Kilolo nilipita kwenye lile jiko. Ukuta mmoja umelala. Ule mwingine umesimama, na chini kwenye matundu bado kumesokomekwa magunia, yameungua nusu. Nikayashika. Nilitapika pale pale, Luvanda, mimi ninayekula makande ya juzi bila kunusa.

Sasa sikiliza uchafu. Nafika msibani namkuta meneja amekaa kiti cha mbele, wazee wenu wamekaa kwenye magogo. Amekula nyama ya msiba, mafuta bado yako kwenye masharubu. Akapewa nafasi ya kusema. Akasema ndugu yetu alikuwa fundi hodari, ila kila mtu ana kasoro yake, aliingia jikoni na sigara mdomoni. Akasema tusimlaumu. Akatikisa kichwa, akapangusa macho, macho makavu kama ngozi ya ngoma.

Sigara! Wewe!

Watu wakaguna. Wengine wakaanza kuamini, nikawaona. Mkeo Mama Tuli akajifunika kanga usoni. Nikaona kabisa jinsi itakavyokuwa. Watoto wako wataambiwa shuleni baba yenu alijichoma mwenyewe. Mafundi uliowafundisha Iringa nzima watakosa kazi, watu watasema hao ni wanafunzi wa yule mzembe. Na wewe huwezi kujibu, sanduku limeshapigiliwa misumari.

Ningekuwa ndugu yako ningenyamaza, maana ndugu wa marehemu hagombani na mgeni. Ningekuwa rafiki tu wangenitoa. Lakini mimi mtani, na msibani mtani hakasirikiwi. Nikawangoja mpaka mlipofika kaburini, wanataka kukushusha, nikaruka ndani ya shimo nikalala chali.

Wahehe wenzako wakacheka, wakaona Mgogo ameanza vituko vyake. Wakanirushia senti nitoke, kama desturi. Nikazirudisha juu. Hapo ndipo wakashtuka, maana Mgogo kurudisha senti hawajapata kuona.

Nikawaambia: "Mimi nimekuja kumzika Luvanda. Huyu mliyemleta anavuta sigara. Luvanda ni mtu wa ugoro, sigara hajashika tangu azaliwe. Rudini Iringa mkanitafutie wangu."

Wakacheka tena, kidogo. Baba yako mdogo akaniambia kwa upole kwamba utani umetosha, nitoke, jua linakwenda. Nikamwambia sitoki, simziki mtu nisiyemjua. Udongo unaingia masikioni, mgongo unauma, shimo la Kilolo lina baridi, sijui unalivumiliaje. Nikakaza.

Mama Tuli akafunua uso. Wewe unamjua, hasemi mbele ya watu. Siku ile alisema. "Mtani anasema kweli. Mashati yake nimefua mimi. Ni ugoro, hakuna majivu."

Watu wote pale walikuwa wamekuona unapiga chafya kanisani. Wakaanza kumgeukia meneja, mmoja mmoja. Na Yohana alikuwa nyuma ya watu, mkono umefungwa bendeji. Nilimwona kutoka kule chini, kati ya miguu ya watu. Alikuwa na watoto sita na kazi moja. Akasogea mpaka ukingoni, akaniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye wewe.

"Magunia niliziba mimi," akasema. "Meneja ndiye aliyeniambia nizibe. Na Luvanda alituokoa wote."

Unajua meneja alifanya nini? Alicheka. Kwa sababu ni utani, na kwenye utani unacheka. Akacheka peke yake, kwa muda mrefu, hakuna aliyemfuata, na akashindwa namna ya kuacha. Sijapata kusikia kitu kichafu kama kile kicheko. Baba yako mdogo akaenda akachukua kile kiti cha mbele, walichombebea meneja mpaka kaburini, akakirudisha nyumbani. Meneja akabaki amesimama hana pa kukaa.

Ndipo nikatoka. Nikakuomba radhi kwa kukulalia mahali pako, tukakuzika. Ulizikwa wewe, Luvanda, hatukumzika mvuta sigara.

Ningependa kukuambia habari ikaishia hapo. Mimi hadithi zangu zinaisha vizuri, unazijua. Hii haikuisha. Yohana alifukuzwa kazi. Nilimleta hapa Mwanjelwa, anachoma mahindi na kuuza supu, analalamika Mbeya kuna baridi kuliko Iringa. Bwana mkaguzi alikuja akafunga lile jiko. Na meneja, mwenzangu, meneja wakampandisha cheo. Wamemleta huku Mbeya, kwenye nyumba kubwa zaidi, ya ghorofa.

Mwezi uliopita akaniita. Hakunikumbuka, Luvanda. Aliniona mara moja tu, nikiwa chini ya shimo nimejaa udongo, na watu wa aina ile hawaangalii chini. Akasema fundi, jiko langu halina nguvu, nasikia wewe ndiye bora. Hapo hakukosea. Nikapiga magoti nikachungulia chini ya ukuta. Yamezibwa. Safari hii si magunia, ni mablanketi ya wageni, mapya, yana mistari myekundu. Yeye kapanda cheo na kiziba kimepanda cheo. Na mtungi uko ndani, nyuma ya pazia, kama bibi harusi.

Nikayachomoa. Nikaufunga mtungi, nikaubeba mwenyewe nikauweka uani, nikamwambia pa kukaa ni hapa, na yale matundu hayazibwi, ni sheria. Unajua alichonijibu? "Sheria hiyo wameandika watu wa Dar es Salaam, kwao joto."

Nilimtazama. Nilitaka kumpiga na spana, yule singasinga angefanya hivyo. Lakini nilisikia tu kinyaa, kile kile cha Iringa, kikipanda. Mtu amemwona mwenzake anazikwa. Amemsikia mpishi akisema mbele ya kaburi. Halafu anaona tatizo la pale lilikuwa ni magunia, angetumia blanketi.

Nikamwambia jiko lake silifungi mpaka mtungi ukae nje na matundu yajengewe kingo za saruji yasizibwe tena, yawekewe wavu wa panya. Akasema mafundi ni wengi. Nikamwambia awatafute. Nikatangulia mimi. Nilizunguka kwa kila anayeshika koki ya gesi Mbeya hii, nikawasimulia yote, na unajua nikisimulia mimi mtu hasahau. Mmoja ulimfundisha wewe, yule kengeza wa Rungwe. Alilia. Wote wamekataa.

Basi sasa nyumba ya ghorofa inapikia kuni uani. Masizi mpaka kwenye mashuka. Meneja macho mekundu kama nyanya, anakohoa mbele ya wageni. Ofisi ya ukaguzi nimekwenda, wamesema wanakuja gari lao likipata petroli. Mimi siwangoji.

Amelipiza. Ameanza kuwaambia wenye mahoteli wasiniite, eti mimi ni mlevi. Kwako alisema sigara, kwangu anasema pombe. Kwangu angalau amepatia. Lakini wameanza kumsikiliza, wawili wamenikatia kazi, na mke wangu ananiuliza nitakula ule ukaidi na mboga gani. Kila Jumapili meneja anamtuma mtu kuniuliza kama nimelegea. Sijalegea. Naogopa, hilo nakuambia wewe tu. Mimi mzee, na kazi nyingine siijui, ng'ombe wa baba niliwakimbia zamani.

Usiku wa kuamkia jana mvua ilinyesha... hapana, acha hiyo. Nilitaka kukuambia kitu kingine.

Nimefikiri sana juu ya kifo changu, maana unayajua mambo yangu, napenda yaende vizuri. Tulipatana, mimi na wewe. Atakayetangulia, mwenzake atamfanyia vituko kaburini. Nilikuwa nahesabu utanizika wewe. Utavaa suruali yangu, utatembea kama mimi, utawaambia watu nilikuwa mwongo na wao watasema kweli, mwongo. Sasa watasema nini? Watasimama pale na nyuso ndefu wataniita fundi hodari. Nani atanirushia udongo? Yule yule meneja anaweza kuja akakaa mbele akasema nilikufa mlevi, na hakuna mtu shimoni. Umeniacha vibaya, Mhehe wewe. Umeniacha vibaya sana.

Inatosha. Karatasi inakwisha na mkono umekufa ganzi.

Nakuahidi hivi. Pale sitafunga gesi, hata akileta wazee, hata nikirudi kuchunga ng'ombe wa watu Usangu. Na Mama Tuli nitamwona mavuno yakiisha, watoto wako wasikie habari ile kutoka kwangu mwenyewe, nzima, na nitaiongezea kidogo hapa na pale, usikasirike.

Pumzika, mtani. Na huko uliko, kama kuna jiko la gesi limeharibika, usiliguse mpaka nifike.

Ni mimi, Mgogo wako,
Mwanjelwa, Mbeya