Mukeka wa Tumukunde

Kibabi

Mudogo wangu Béata,

Salamu nyingi huko Itebero. Maharage yako ilizaa vizuri. Juzi jirani yetu Mama Myriam alinisikia naita mbuzi, akazani ni wewe, akakimbia kuja kukupokea. Sauti yetu bado inadanganya watu.

Hapa kanisani, penye nachungaka watoto wakati mama zao wako ku shamba, surua iliingia. Tumukunde, mutoto wako mwenye uliniachia, njo alianza kuwaka moto. Mutoto mugonjwa asikae na wenzake, njo sheria, hata kama iko mutoto wetu. Nilimutandikia mukeka ku chumba ya pembeni. Wenzake walijikusanya inje ya mulango, wakaimba kwa nguvu juu asikie. Infirmier alimupa dawa. Homa ilikataa kushuka.

Béata, tulimuzika Jumamosi, siku ya posho. Barabara imefungwa na vita, hatukuweza kukungojea.

Mbele ya kutuacha, macho yake haikuona tena. Nilimwita jina. Aliuliza: «Mama, ulirudi?»

Nilijibu: «Nilirudi, mwanangu.»

Akanishika kidole, akatulia.

Sijui kama nilifanya vizuri. Lakini kwake yeye, ulirudi.

Dada yako mukubwa,
Adelaïde