Noti ya Kutua

Jumapili, 17 Mei 2015. Riyadh

Nje ya shule tena. Madereva wote wamelaza viti nyuma, wamelala vinywa wazi. Kiyoyozi nimezima, bosi huangalia mafuta. Jasho.

Nasoma kwenye simu. Habari zile zile za mafundi wa kwanza wa kodiani kule Italia. Walikuwa wakulima. Mji wenyewe, Castelfidardo, uko kilimani karibu na mahali pa hija. Inasemwa hujaji mmoja alilala kwenye nyumba ya mkulima, na alipoondoka akamwachia kisanduku chake cha muziki kama shukrani. Kijana wa nyumba ile akakifungua kuona kina nini tumboni, akatengeneza cha kwake, akawauzia mahujaji wengine. Huenda ni hadithi tu. Wengine wanasema ilianzia Stradella, kaskazini. Naandika yote.

Otieno, askari wa lango la jirani, hunicheka. Dereva wa kutoka Karatina anasomea vinanda vya Wazungu akiwa jangwani. Acheke. Mzee wangu amepiga kodiani maisha yake yote, harusi zote za kwetu, ngoma ya mwomboko mpaka asubuhi, mwenzake akigonga pete ya chuma kando yake. Kodiani haina tena jina kifuani, kibandiko kilitoka zamani. Yeye anasema ni ya Mjerumani. Mimi nasema Mwitaliano. Tumebishana tangu nikiwa darasa la nne.

Dada yangu Wanjiru ameandika jioni. Koo la Mzee limefunga kabisa. Hasemi tena. Daktari amesema wajiandae. Hakusema kwa lini.

Jumatano, 20 Mei. Riyadh

Nimemwomba Wanjiru afungue kodiani anipigie picha za ndani. Hana subira. Ametumia kisu cha jikoni.

Picha nzuri hata hivyo. Ndani kuna ndimi, vipande vyembamba vya chuma, na upepo wa mvukuto ukipita ulimi unatetemeka, ndiyo sauti. Kila ulimi umekaa kwenye kibamba chake, na kila kibamba kimeshikwa na nta. Nta ya nyuki waliyochanganya na utomvu wa msonobari. Hivyo ndivyo Waitaliano walivyofanya. Wajerumani wa zamani mara nyingi walitumia bamba moja refu. Nimeshinda ubishi, na ninayebishana naye hawezi kujibu.

Ulimi mmoja umekatika. Ni ile noti ya chini upande wa kulia, ambayo kila wimbo wake hurudi kutua. Ndiyo maana aliiweka kodiani chini miaka hii. Hakutuambia. Tulidhani amechoka.

Karanja jirani anaweza kumpigia, alifundishwa na Mzee mwenyewe. Ila bila noti ile hakuna wimbo. Nataka Mzee aisikie kodiani yake ikiwa nzima kabla hajaenda. Sitaki kingine.

Ijumaa, 29 Mei. Riyadh

Sokoni Batha na Otieno baada ya swala. Tumeuliza maduka yote ya redio na spika. Kodiani mafi, hakuna, ndimi mafi. Mbengali mmoja alitutolea kinanda cha plastiki cha mtoto.

Otieno: "Buda, si umnunulie mzee spika tu, umwekee nyimbo?" Nimekasirika.

Alhamisi, 18 Juni. Riyadh

Ramadhani imeanza. Maji nakunywa chooni, kwa heshima.

Nimemwomba bosi ruhusa ya kwenda nyumbani. Pasipoti anayo yeye, na bila yeye kuniombea kibali sitoki nchi hii. Amenisikiliza vizuri. Ameuliza jina la Mzee, akamwombea. Kisha: baada ya Idi, inshallah.

Bosi si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya na hasira hii.

Jumatano, 8 Julai. Jeddah

Tumehamia Jeddah, familia nzima, kwa kumi la mwisho la Ramadhani na likizo yote. Mimi niliendesha gari la mizigo kutoka Riyadh. Joto la huku limelowa. Nguo hazikauki mwilini.

Madam, mke wa bosi, alinituma mtaa wa Bani Malik kuchukua kanzu za watoto kwa fundi cherehani, Mzee Idris, Mweritrea. Duka jembamba, kanzu za Idi zimening'inia mpaka mlangoni, na mzee mkali katikati yake, hataki kuulizwa ziko tayari lini. Nilikaa kungoja. Juu ya kabati nikaona mvukuto. Kodiani. Hapa.

Nilisimama bila kujijua. Akaniambia baba yake alikuwa mpishi wa Mwitaliano mmoja Asmara. Mwitaliano alipoondoka akamwachia. Nikamkumbuka hujaji wa Castelfidardo. Mvukuto umechanika, panya wamekula ngozi, lakini nilipochungulia kwenye ufa niliona nta na vibamba vyake. Sawa kabisa na za Mzee.

Nikamwambia naihitaji. Akasema haiuzwi. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha barabarani habari ya Mzee na koo lake. Akaendelea kushona.

"Haiuzwi," akasema tena. "Yalla, haya, kanzu zako hizi."

Jumatano, 15 Julai. Jeddah

Nimekwenda kila nilipotumwa upande ule, na mara mbili bila kutumwa. Leo aliniona akatikisa kichwa, akapanda kiti mwenyewe, akaiteremsha. Akang'oa misumari na kutoa ule ubao mmoja wenye ndimi za upande wa kulia. Sanduku akalirudisha juu ya kabati.

Hataki malipo. Ana sharti moja. Siku kodiani ya Mzee itakapopigwa, nimpigie simu asikie. Tangu baba yake afe hajaisikia.

Nimeubeba ubao kama mtoto mchanga. Njeri, msichana wa kazi kwa shemeji ya Madam, amemaliza mkataba, anarudi Kenya jumla baada ya Idi. Kwao si mbali na kwetu. Amekubali kuupeleka.

Madam aliniona nao mlangoni. Chombo cha muziki hakiingii nyumbani kwake, hasa mwezi huu. Basi. Utakaa kwenye buti la gari, na kila nikiegesha nitauhamishia kibandani kwa bawabu.

Jumamosi, 18 Julai. Jeddah

Idi. Watoto wa bosi wamenipa peremende. Ofisi zote za serikali zimefungwa, kwa hiyo kibali bado.

Wanjiru na Mzee wamepata lugha. Anagonga ubao wa kitanda. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Chai? Mbili. Uji? Mbili. Redio? Moja.

Jumapili, 26 Julai. Jeddah

Nimeharibu.

Bosi alikuwa na mzigo bandarini. Njiani alianza mwenyewe habari ya kibali. Akasema wiki hii atashughulikia. Nilifurahi. Niliongea njia nzima, mimi nisiyeongea, nikamweleza habari za Karatina na baridi yake. Tukafika, nikaegesha kwenye uwanja usio na kivuli hata cha nguzo, nikaingia naye kubeba makaratasi. Tulikaa mpaka baada ya adhuhuri.

Ubao ulikuwa kwenye buti.

Mimi niliyesoma habari za nta miezi hii yote. Mafundi wale walifanya kazi kwenye mji wa kilimani wenye upepo, na nta yao haikutengenezwa kwa jua la bandari ya Jeddah. Nilifungua buti nikasikia harufu tamu, ya mzinga. Vibamba vyote vimeteleza na kurundikana pembeni, vimegandana. Ubao umebaki na mashimo matupu.

Nimekaa chini nyuma ya gari. Bosi ameniuliza nini. Nimesema hamna.

Jumatatu, 27 Julai. Jeddah

Nimekwenda kwa Mzee Idris na rundo lile ndani ya mfuko wa karatasi. Nilitegemea anifukuze. Alichungulia, akanitazama, akasema neno moja la kwao ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Halafu akawasha pasi.

Tumeyeyusha kidogo kidogo, tukivitenganisha kwa pini zake za kushonea. Ndimi nyingi ziko salama. Tatizo, ipi ni ipi. Herufi zilizokwaruzwa juu yake zimeliwa na kutu, na mimi sijui noti kwa majina. Namjua yule mwenye kuijua noti ile.

Nikampigia Wanjiru, aweke simu kwenye sikio la Mzee.

"Mzee," nikasema. "Ni mimi, Mwangi. Nitakupulizia ndimi. Ukisikia ile yako, gonga."

Nikasikia pumzi yake, nzito. Nikaweka kibamba cha kwanza mdomoni nikapuliza. Mbili. Cha pili. Mbili. Mzee Idris amezima cherehani, wateja mlangoni, mimi napuliza vyuma vyenye ladha ya nta kama mwehu. Mbili. Mbili. Katikati nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mzee, nimeona nta. Ni ya Mwitaliano." Akagonga mbili, haraka, kwa nguvu. Wanjiru akacheka kule, na mimi nikacheka huku nalia.

Tukaendelea. Nilisikia anachoka, mgongo wa mkono wake ukisugua ubao kabla ya kugonga. Kisha kibamba kimoja kirefu kidogo. Nikapuliza. Hakugonga. Nikapuliza tena.

Moja.

Nikauliza, "Una hakika, Mzee?" Wanjiru akasema amefunga macho, niache.

Jumatano, 29 Julai. Jeddah

Nimeonana na Njeri mtaa wa Sharafiya, nje ya duka la simu. Amekiweka kibamba ndani ya kopo la poda, amekivingirishia kitambaa ambacho Mzee Idris alikikata kwenye kanzu. Nilimwambia kisikae juani. Akasema, "Mwangi, umeniambia." Anaruka leo. Nilimwangalia akienda, nikamwonea wivu mpaka nikaona aibu.

Kibali bado. Mtu wa ofisi yuko likizo.

Ijumaa, 31 Julai. Jeddah

Mzee amefariki asubuhi.

Njeri alikwenda kwao kwanza kuwaona watoto wake. Nani angemlaumu. Kopo lilikuwa huko.

Nimeosha gari la bosi. Nimeliosha tena.

Jumamosi, 1 Agosti. Jeddah

Bosi amenipa pole, amenishika bega. Mungu amrehemu. Amepiga simu mbili mbele yangu. Kibali hakitawahi mazishi. Halas, basi. Amesema Alhamisi, siku ya mazishi, nipumzike mchana wote.

Nilikuwa nimeomba kumwona akiwa hai, na nimepewa mchana mmoja. Nimesema asante. Namchukia kwa kunifanya niseme asante, naye hana habari.

Jumanne, 4 Agosti. Jeddah

Kibamba kimefika. Karanja amekibandika kwa nta ya mzinga wa shambani kwetu. Ni dawa ya kienyeji, anasema, lakini kimeshika. Wanjiru hakunipigia nisikie. Anataka isubiri mazishi ya Mzee.

Alhamisi, 6 Agosti. Jeddah

Nilikwenda dukani kwa Mzee Idris. Sharti lake. Alikuwa amefunga mlango nusu na kuniwekea kiti. Chai.

Simu mezani, juu ya vipande vya kitambaa. Mtandao ukikatika na kurudi. Nilisikia sala, mchungaji, upepo. Nilisikia koleo. Nilisikia Wanjiru akimwambia mtu asogee. Kisha mvukuto ukavuta pumzi, hata kabla ya noti, nikaijua. Pete ya chuma ikaanza kugonga.

Karanja alipiga ule wimbo Mzee aliokuwa akifungulia harusi. Ukapanda, ukazunguka, ukashuka kutua. Noti haikuwa yenyewe. Iko chini kidogo ya wenzake, ina uchungu ndani. Kila ubeti ukirudi, inatua pale pale, vibaya. Watu kando ya kaburi waliisikia, lazima. Karanja hakuacha.

Sijui kama simu ilimdanganya Mzee sikio. Sijui kama alichoka akataka tuache. Au alitaka kunipa kitu, basi akagonga.

Mzee Idris alikuwa amejiinamia. Noti ilipotua akanyoosha kidole kwenye simu. "Ile," akasema.

Nikasema ndiyo, ile.

Mtandao ukakatika wakitupa udongo. Hatukupiga tena. Tulikunywa chai ikiwa imepoa, akarudi kwenye cherehani yake, na mimi nikakaa mpaka mteja alipoingia.

Jumapili, 23 Agosti. Riyadh

Shule zimefunguliwa. Mstari ule ule wa magari, madereva wale wale. Otieno alinisubiri getini asubuhi na chapati. Hakutania.

Bosi amesema kibali kiko tayari, niende wakati wowote. Nimesema labda Desemba.

Nimefungua simu nikasoma, kwa mazoea. Mafundi wale walipozidiwa na kazi, kazi iliingia majumbani, watu wakikunja mvukuto na kubandika ngozi kwenye meza za kulia chakula. Nilitaka kumwambia Mzee. Angegonga mbili.

Wanjiru ameandika. Karanja amempata fundi Nairobi anayeweza kuukwangua ule ulimi kidogo, noti ikae sawa na nyingine. Anauliza kama aupeleke.

Nimemjibu auache ulivyo. Kengele imelia, watoto wanatoka. Nimewasha kiyoyozi.